Kiburu cha Jumamosi

Jumatatu, 2 Machi

Masika yameanza leo saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya maziwa ikiwa nusu. Wanawake walifunika ndoo kwa khanga zao wakabaki wao wanalowa, maana maziwa yakiingia maji mimi siyapokei, hata yawe ya ndugu yangu.

Daftari hili nilipewa na chama cha wafugaji niandikie lita. Lita siku hizi naziandika kwenye simu, kwa hiyo kurasa hizi ni zangu, na nimeamua kuziwekea mambo yanayonishangaza ambayo siwezi kuyatuma kwenye grupu. Na mimi nashangaa haraka. Binti yangu Stella, anayesoma Dar, anasema nilizaliwa mdomo wazi.

Grupu ni la wafugaji wa kata yetu ya Lyamboro, watu mia mbili na kumi na wawili. Liliundwa ili mimi karani niwatangazie saa ya gari la maziwa linaloshuka Moshi. Lakini tangu mwaka juzi kila Jumamosi nawapikia Kiburu. Kama kiburu cha chunguni kinavyochanganya ndizi na maharage mpaka huwezi kuvitenganisha, na mimi nachanganya siasa za wiki na vituko nilivyovuna mtandaoni. Stella alinifundisha kukata klipu, kuondoa nembo za watu pembeni ili ipendeze, na kuandika kichwa cha habari. Sasa nina wasomaji mpaka Sanya Juu na Kahe ambao hawajawahi kukamua hata mbuzi.

Jumamosi, 7 Machi

Kiburu cha leo kimewavunja mbavu.

Upande wa maharage, yaani siasa: diwani wetu alifariki Desemba, Mungu amlaze pema, na uchaguzi mdogo umepangwa tarehe 9 Mei. Mabango yameanza kubandikwa hata kabla kampeni hazijaruhusiwa. La Mzee Wenseslaus limetengenezwa na kompyuta mpaka mikunjo yote imekwisha, na meno yake yaliyong'oka yamerudi yote na moja la ziada. Nikaandika: "Mgombea ameanza kutekeleza ahadi, kwanza mdomoni mwake." Mwenzake, Mama Kornelia, muuguzi mstaafu, ameahidi lami katika barabara ambayo tayari ina lami. Nikauliza kama hii ya pili itakuwa ya ghorofa.

Upande wa ndizi: kasuku anayesema "salio lako halitoshi" kila mwenye nyumba akimwita mkewe. Mama mmoja anayepiga pasi majani ya kabeji kabla ya kuyapika. Na bwana aliyemfundisha punda wake kulia pii, pii, pii akirudi nyuma kama lori. Dominika, ambaye huwa wa kwanza kusoma na wa kwanza kusambaza, amesema amemwaga chai.

Niseme ukweli hapa, maana kwenye grupu siwezi. Kumtania Wenseslaus kunanipa raha kuliko inavyostahili. Ni jirani wa baba yangu, Mzee Jacob, na miaka kumi na moja iliyopita alimshtaki baba kwamba ameng'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, na kuyapanda hatua nne ndani ya kihamba chake yeye Wenseslaus, shamba lake la migomba. Baba akasema ni Wenseslaus mwenyewe aliyeyasogeza kuja kwetu, halafu akawahi kulia yeye. Waliitana baraza la ardhi la mjini mara kumi na saba. Mama alikwenda naye mara zote kumi na saba, kikapu mkononi, na mapafu yake mabovu. Amefariki miaka sita sasa na kesi haijaamuliwa, na zile hatua nne zimebaki kwa Wenseslaus. Mama alikufa akiamini kwamba baba hakung'oa kitu. Na mimi naamini hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Gari limekwama kwenye kona ya kanisani. Maziwa lita themanini yamechacha, wamegawana watu mtindi.

Jumamosi, 14 Machi

Niandike lililotokea.

Jana nilikuwa nimepungukiwa na kituko kimoja. Nikatumiwa klipu na mtu wa Kahe, sekunde tisa tu. Wazee wawili wamesimama migombani, mvua ya manyunyu, makofia yameshushwa mpaka puani. Mmoja ameshika jani la sale, anamkabidhi mwenzake. Kati yao anapita kuku mwekundu, na kuku huyo anatembea kinyumenyume. Kweli kabisa, anarudi nyuma hatua kwa hatua, kifua mbele, kama mtu aliyeona jambo akakataa kuliamini. Nilicheka mpaka nikaketi. Nikaitazama mara tano, na mara zote tano nilimtazama kuku.

Kila mtu wa huku anajua maana ya jani lile. Aliyekosa humkabidhi sale aliyekosewa, na likishapokelewa kesi imekufa. Kwa hiyo nikakata nembo iliyokuwa pembeni, nikaandika kwa herufi kubwa: "MZEE AKIRI KOSA, KUKU ASHINDWA KUAMINI." Nikaituma saa mbili asubuhi.

Saa mbili na dakika nne Dominika akaandika: "Mama Stella, huyo mwenye jani si baba yako?"

Nikafungua tena. Safari hii nikamwacha kuku. Koti la kaki. Kiwiko chenye kiraka cha kijani alichokishona mama kwa kitambaa cha sare ya kwaya. Hakuna koti lingine kama hilo duniani. Na yule anayebaki na jani ni Wenseslaus, tumbo lake na fimbo yake.

Niliifuta. Lakini kufuta siku hizi ni kujifariji tu. Ilikuwa imeshapita kwenye grupu la kwaya, la Vikoba, la waendesha bodaboda, na kote imepita na maneno yangu juu yake: akiri kosa. Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeandika.

Na baba hana ugomvi mwingine wowote na Wenseslaus. Ni mpaka tu. Kwa hiyo aliung'oa. Miaka kumi na moja ametudanganya, na mama alipanda na kushuka mlima huu kwa ajili ya uongo. Nimekaa jikoni mpaka moto umezimika. Nimeshtuka kiasi kwamba hata kulia sijalia.

Jumapili, 15 Machi

Nilimngoja baba nje ya kanisa baada ya ibada. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kama kawaida yake, akauliza Stella hajambo. Nikamwuliza moja kwa moja kama alikutana na Wenseslaus mpakani wakapeana sale.

Alifunga kwanza vifungo vya koti lile lile.

"Yale yameisha, Elisifa. Sale likishapokelewa, mdomo unafungwa. Usiniulize tena."

Hakukataa. Nilikuwa naomba akatae, hata kwa uongo. Nikageuka nikaondoka bila kumuaga, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Jumatatu, 16 Machi

Baba amekuja na ndoo yake ya lita tano kama kila siku. Foleni nzima ikageuka kumtazama. Dominika alimvuta pembeni akamwonyesha kitu kwenye simu. Sikuangalia. Niliandika lita nne na nusu nikaita anayefuata.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua tangu jana. Sina la kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimefanya jambo.

Maziwa ya baba sijawahi kuyatilia shaka. Huwa natumbukiza laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, mara moja kwa desturi, nasoma, namwaga kwenye keni. Leo Dominika, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtu anayeweza kusogeza masale anaweza pia kuongeza maji. Watu wakacheka. Ningeweza kusema kitu. Badala yake nikachukua laktomita nikapima maziwa ya baba, nikasoma, nikaifuta, nikapima mara ya pili. Mbele ya watu wote. Mara zote mbili yalikuwa safi, mazito kuliko ya Dominika.

Baba alisuuza ndoo yake, akaifunika, akaniambia kazi njema.

Nilifikiri nitajisikia nimelipiza kwa ajili ya mama. Nimejisikia vibaya tu.

Jumamosi, 28 Machi

Kiburu kimetoka. Siasa: Mama Kornelia ameandika ilani ya kurasa arobaini, na ukurasa wa thelathini na moja ni mapishi ya mtori ambayo mchapaji aliyasahau humo. Vituko: mbuzi aliyepanga foleni zahanati akafika mpaka dirishani. Watu wamecheka. Wengi wameuliza kama kuna nyingine ya yule kuku.

Stella amepiga simu kutoka Dar. Klipu imefika hosteli yao. Imewekewa mlio wa mbuzi na wimbo wa harusi, imetazamwa mara elfu arobaini. Akaniuliza, "Mama, huyo si babu?" Nikamwambia mtandao umeharibika, nikakata.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Kila Pasaka tangu nikiwa msichana baba ndiye husoma somo la kaburi wazi. Anasoma polepole, na akifika pale wanawake wanapokuta jiwe limeviringishwa huwa anasimama kidogo kama ndiyo kwanza anapata habari. Leo amesoma mtu mwingine. Wazee wa kanisa walimwomba baba apumzike kidogo mpaka maneno ya watu yatulie. Walimwambia kwa upendo, nimesikia.

Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango ambako manyunyu yanaingia. Mimi nilikaa mbele na kwaya. Tulipotoka alikuwa ameshaondoka. Sikwenda kula kwake. Ni Pasaka ya kwanza sijala kwa baba, na nyama niliyopika kwangu nimeishia kumpa mbwa.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua, tope, mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Kampeni zimefunguliwa rasmi, mkutano wa kwanza wa Wenseslaus umefanyika kiwanja cha soko. Nilikwenda kwa ajili ya Kiburu, simu mkononi. Mtu mmoja akamuuliza kuhusu ugomvi wa mpaka: atatuongozaje ikiwa ana kesi na jirani?

Wenseslaus alitabasamu. Yale meno ya kwenye bango hayapo.

"Mimi na Mzee Jacob tumeyamaliza kwa mila zetu. Nani alimpa nani jani, mimi sisemi. Mmeona wenyewe kwenye simu zenu."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja karibu yangu akasema huyu ndiye kiongozi, amesamehe na hata hajivuni. Nilitamani tope linimeze. Kwenye Kiburu sikuandika chochote kuhusu mkutano huo. Niliweka sungura anayecheza drafti.

Ijumaa, 24 Aprili

Baba hakuleta maziwa. Nikajiambia labda ng'ombe wake anaumwa. Sikwenda kuuliza.

Jumapili, 26 Aprili

Mungu wangu. Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Mvua ilikatika asubuhi, nikasema niende nikaone kihamba. Sikuwa nakwenda kumsalimu baba, nilijua yuko ibadani. Nilitaka nione kama amempa Wenseslaus ardhi nyingine juu ya zile hatua nne. Nilishazoea kumfikiria mabaya, nikataka niyaone kwa macho.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tunahesabu kutoka mti wa parachichi mpaka masale: hatua ishirini na mbili za mtu mzima. Baada ya masale kusogezwa zikawa kumi na nane, na ndizo nilizozijua miaka kumi na moja yote. Huko chini hakuna anayepita, migomba imesongamana na majani ya maboga yamefunika njia. Nikasimama kwenye parachichi nikaanza kuhesabu. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Hakuna masale. Kuna mashimo yaliyofukiwa, udongo bado mwekundu. Nikaendelea. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili.

Masale yapo hapo. Yamepandwa upya, mstari umenyooka, mengine yameshaanza kuchipua. Yamerudi kule yalikokuwa nilipokuwa mtoto.

Nikarudia kuhesabu, nikidhani nimepunguza urefu wa hatua. Ishirini na mbili. Ardhi ya baba haikupungua. Imeongezeka hatua nne. Sasa mtu anayekiri kuiba anarudishiwaje alichoiba?

Nikatoa simu palepale migombani nikaitafuta ile klipu. Kwangu niliifuta lakini Dominika bado anayo, akanitumia bila hata kuuliza, labda alifikiri nataka kucheka. Nikaitazama, safari hii bila kumwangalia kuku wala baba. Nyuma yao kuna jiko la kina Wenseslaus, paa la bati linafuka moshi. Moshi unatoka angani unashuka, unaingia kwenye paa. Unaingia wote mpaka unakwisha.

Kuku haendi kinyumenyume. Klipu ndiyo inayokwenda kinyumenyume.

Nikakaa chini kwenye majani mabichi. Nikaigeuza kwa njia ile ile aliyonifundisha Stella. Moshi ukapanda. Kuku akapita akidonoa, kuku wa kawaida kabisa. Na Wenseslaus, kwa mikono yake yote miwili, huku ameinamisha kichwa, akampa baba yangu jani la sale.

Jumatatu, 27 Aprili

Baba amekuja na maziwa. Ng'ombe alikuwa anaumwa kweli. Nimepima mara moja. Mdomo wangu haukuweza kusema hata shikamoo, ikatoka pumzi tu. Akasema marahaba.

Nimeelewa sasa. Aliposema "sale likishapokelewa, mdomo unafungwa", alikuwa anazungumzia mdomo wake. Yeye ndiye aliyepokea. Aliyepokea sale haruhusiwi kuitaja tena kesi, hata akitukanwa kwa ajili yake. Kata nzima imemwita mwizi wa ardhi wiki sita, amenyamaza kwa sababu alimwahidi mwizi mwenyewe kwamba atanyamaza. Na mimi kimya chake nikakisoma kinyume.

Jumanne, 28 Aprili

Nimemkuta Kindness, mjukuu wa Wenseslaus, anakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Ni msichana mzuri, amemaliza kidato cha sita, anangoja chuo. Nilipomwonyesha klipu akacheka kwanza, halafu akaona uso wangu.

Alinieleza kwamba ilikuwa mwisho wa Februari. Babu yake alilazwa hospitali ya Mawenzi mwezi mzima, akarudi anasema hataki kufa wala kugombea akiwa na mpaka wa watu mgongoni. Wakakutana wazee wawili tu, bila shahidi. Kindness mwenyewe alikuwa akikata majani kama leo, akarekodi kwa ajili ya kuku wao aliyekuwa anajipitisha katikati.

"Shangazi, nisamehe. Niliituma kwenye ukurasa wa Kinyumenyume. Wale wanageuza kila kitu, ndiyo kazi yao, watu wanacheka basi. Si wameandika jina lao pale pembeni?"

Waliandika. Mimi ndiye niliyelikata, ili ipendeze.

Nikamwuliza kama babu yake anajua watu wameielewaje. Kindness akafunga mzigo wake wa majani kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Anajua. Nilimwambia nitaweka ile ya kweli. Akasema niiache ilivyo, uchaguzi upite kwanza."

Nimeshangaa mambo mengi maishani, na watu wananijua kwa hilo. Lakini hili sikuwa na uso wa kulishangaa nao. Mtu ameomba msamaha kwa mikono miwili, akasamehewa, akarudisha ardhi, yote kwa moyo mweupe. Halafu simu ikampa nafasi ya kuwa yeye ndiye aliyeombwa, akaichukua. Hakusema uongo hata mmoja. Alituachia sisi tuuseme.

Ijumaa, 1 Mei

Nimewaza wiki nzima. Baba amefungwa mdomo. Mimi sikupokea jani la mtu. Lakini nikisema habari ya mpaka nitakuwa nimeivunja ahadi yake kwa mdomo wangu, na ahadi hiyo ndiyo pekee aliyobaki nayo. Nitasema la kwangu tu, yaani nilichokosea mimi.

Jumamosi, 2 Mei

Leo hakuna siasa wala kasuku. Nimetuma klipu peke yake, ikienda mbele, na maneno haya:

"Tarehe 14 Machi niliwatumia klipu hii ikiwa imegeuzwa. Inavyokwenda ni hivi. Maneno 'akiri kosa' niliyaandika mimi, na si kweli kwa mtu niliyeyaandikia. Elisifa, karani."

Nikaiweka pia kwenye Facebook, nikawatumia wa Sanya Juu na Kahe, nikamtumia mwinjilisti wa kanisa letu.

Jioni nimehesabu. Ile ya kwanza imefika elfu tisini. Hii, watu sitini na mmoja. Maoni yaliyokuja ni tisa, na sita yanasema kuku alikuwa anachekesha zaidi alipokuwa anarudi nyuma. Mmoja ameuliza Kiburu kiko wapi. Dominika ameandika: "Kwa hiyo?"

Kwa hiyo. Nimeduwaa na simu mkononi mpaka ikajizima yenyewe.

Jumatano, 6 Mei

Mwinjilisti amenijibu. Amesema wazee wataliangalia baada ya uchaguzi ili kanisa lisionekane linampigia mtu kampeni.

Jumamosi, 9 Mei

Wenseslaus ameshinda. Kura mia nane na tatu kwa mia sita na arobaini. Wamepita na pikipiki na vuvuzela mpaka kituo cha maziwa. Mama mmoja amenipungia mkono akiwa juu ya pikapu, akaniambia Kiburu cha wiki ijayo kiwe cha ushindi.

Sikuandika Kiburu. Ni Jumamosi ya kwanza tangu mwaka juzi ambayo sijatuma hata klipu moja.

Jumapili, 10 Mei

Ibada ilipoisha sikusalimiana na mtu. Nilipita njia ya chini, nikafika mpakani, nikakata jani moja la sale, nikalifunga fundo kama nilivyoona watu wazima wakilifunga. Jani lile halikataliwi, kila mtu anajua. Hata mtu aliyeua akilileta, linapokelewa. Hilo ndilo nililokuwa nalitegemea, niseme wazi. Nilijua nikimshikisha tu, itakuwa imekwisha, na Jumatatu ataleta maziwa nami nitayapima mara moja.

Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza, anachagua maharage kwenye ungo. Lile koti alikuwa amelitundika mlangoni. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Aliliangalia. Hakunyoosha mkono. Akaendelea kuchagua maharage, moja bovu, mawili mazima, moja bovu, mpaka nikafikiri hataki hata kuniona.

"Baba," nikasema, "najua ni yeye aliyekupa. Nimehesabu hatua."

"Usiniambie habari za hatua. Hilo nilishalifunga."

"Basi pokea hili langu."

"Silipokei."

Nimeishi miaka arobaini na moja sijawahi kusikia mtu amekataa sale.

"Kwa nini, baba?"

Akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti iliyotoka siijui, sijawahi kuisikia kwake, hata barazani mjini, hata siku ya kumzika mama.

"Kwa sababu nikilipokea nitalazimika kunyamaza. Yule ni jirani, kwake ninaweza kunyamaza mpaka nife. Wewe ni mtoto wangu. Dominika alinionyesha ile picha siku ya tatu tu, nikasoma ulichoandika, na tangu siku hiyo nina maneno, Elisifa. Nimelala nayo, nimeyabeba mpaka kituoni kila asubuhi pamoja na ndoo. Hutanifunga mdomo kwa jani. Litupe huko, ukae hapa, unisikilize."

Nikalitupa migombani. Nikakaa kwenye sakafu ya kibaraza, chini kidogo ya miguu yake, mahali nilipokuwa nakaa akinifundisha kuhesabu.

Akaanza na siku ya laktomita. Alinieleza kila kitu, nani alicheka, nani aliangalia pembeni, na jinsi mkono wangu ulivyoifuta laktomita kabla ya kuitumbukiza mara ya pili, polepole, kana kwamba maziwa yake ya kwanza yameichafua. Sikujua kama niliifuta hivyo. Aliniita majina ambayo hajaniita tangu nilipopoteza ndama nikiwa na miaka tisa. Akapiga goti lake kwa ngumi. Akalia, akaendelea kusema huku analia. Sikujitetea hata kwa neno moja, na kila nilipofikiri amefika mwisho, alivuta pumzi akaanza upya.

Mvua ilirudi saa nane mchana. Alikuwa bado hajafika Pasaka, na mimi nilikuwa naomba asimalize.